Kompyuta Ilirudi Nzima

SEHEMU YA SITA

Araba Quansah yuko palepale tulipomwacha Jumamosi iliyopita: mkono mmoja juu ya kompyuta yake iliyotoka kwa fundi jana, mwingine umeshika simu, na kwenye simu kuna picha.

Ulikuwa mgongo wa mwanamke. Chini kidogo ya bega la kushoto kulikuwa na alama ya pasi, ncha yake ikionekana wazi kama imechorwa. Namba ilikuwa ngeni. Neno hata moja halikuandikwa.

Araba hakuhitaji kuambiwa mgongo ule ni wa nani. Picha aliipiga mwenyewe, siku Ekuwa Dadzie alipobisha hodi Takoradi, kwenye nyumba ambamo Araba huwapokea wanawake waliokimbia waume zao. Ekuwa alikuwa amemshika mkono binti yake Nhyira, na miguuni hana viatu. Araba alipiga picha, akaihamishia kwenye kompyuta, akaifuta kwenye simu. Alijiona mwangalifu sana. Duniani kote picha ile ilikuwa mahali pamoja tu.

Na mahali hapo palikuwa pamekaa kwa fundi siku kadhaa.

Alipiga namba ile ngeni. Haipatikani. Akampigia Maame Abakoma, muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi, kule Axim, ambaye kwake Ekuwa na mtoto walikuwa wamefichwa. Simu iliita mpaka ikachoka. Asubuhi Maame Abakoma huwa sokoni, na simu yake huwa chini kabisa ya kikapu, imefunikwa na kenkey za moto. Ekuwa mwenyewe hakuwa na simu. Araba ndiye aliyemwambia aiache, ili asitafutike.

Jumatatu Ekuwa alikuwa asimame mahakamani mbele ya Ato Bonney, mumewe, mwenye malori ya mafuta yaendayo migodini na kiti cha mbele kanisani. Alikuwa aseme pasi ile ilishikwa na mkono wa nani. Bila yeye hakuna kesi. Araba alilijua hilo, na Ato Bonney alilijua zaidi.

Akaitia kompyuta kwenye mkoba, akatoka karibu mbio.

Fiifi Arhin alikuwa kwenye kibanda chake karibu na soko kuu, anakula waakye, wali uliopikwa na maharage, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Ni fundi ambaye nusu ya mji humwamini, na nusu nyingine haijafika kwake kwa sababu tu haijaharibikiwa na kitu bado.

"Anti Araba. Imegoma tena?"

Araba alimwekea simu chini ya macho. Fiifi aliitazama picha, akakisukuma chakula pembeni.

Aliapa kwa mama yake aliyezikwa kwamba hajawahi kuifungua folda ya mteja. Aliapa kwamba hata kama angetaka, asingeweza, maana kompyuta ile hakuitengeneza yeye.

"Hukuitengeneza wewe?"

"Tundu la chaji lilikuwa limeng'oka na kuunguza ubao, Anti. Kazi ile inataka mashine ya kupuliza moto, na mimi sina. Nilimpelekea Ebo Turkson, kule nyuma."

"Uliniambia unaitengeneza mwenyewe."

"Sote tunasema hivyo."

Araba alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akauliza juu ya neno la siri, lile la kufungulia kompyuta, ambalo Fiifi alimwomba siku ile na yeye akampa papo hapo, kwa sauti, mbele ya watu, kwa kuwa alikuwa na haraka. Fiifi alisema aliliandika kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika juu ya mfuniko. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote, ili wasisahau.

"Na ulilihitaji kweli? Kwa tundu la chaji?"

Fiifi alishusha macho. "Hapana. Kuona tu kama chaji inaingia, neno la siri halihitajiki. Hata diski ningeweza kukutolea ukaenda nayo nyumbani kwenye pochi, na kazi ingefanyika vilevile. Tunaliomba kwa mazoea tu."

Wasomaji, hapo ndipo Araba alipolipata pigo la kwanza la siku ile, na halikutoka kwa adui. Wanawake walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia mama zao. Walimvulia nguo awapige picha. Yeye akazibeba siri hizo zote mpaka sokoni na kumkabidhi mtu aliyemwomba ufunguo kwa mazoea, naye akautoa kwa mazoea hayohayo.

"Nipeleke kwa huyo Ebo," alisema.

Duka la Ebo Turkson halikuwa kama la Fiifi. Lilikuwa na feni, lilikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wanne watano wakikodolea macho skrini moja kubwa. Mtu huja na flashi yake, hujichagulia filamu, nyimbo au mahubiri, hujinakilia, hulipa na kuondoka. Kutengeneza kompyuta kulikuwa kazi ya chumba cha nyuma.

Ebo alikuwa mtu mcheshi. Alipoulizwa kama aliigusa diski ya Araba, hakukana. Aliitikia kwa fahari kabisa.

"Niliinakili yote, Anti. Kila kompyuta inayoingia hapa naiwekea nakala kabla sijaiwashia moto. Mwaka jana moja ilinifia mkononi, mwenyewe alilia kama amefiwa, picha za harusi zote zimekwenda. Nikasema basi, mteja wangu halii tena."

"Hiyo nakala iko wapi?"

Ebo alionyesha kwa kidevu. Diski kubwa nyeusi, imekaa chini ya meza, waya wake unapanda mpaka kwenye skrini. Skrini ileile ya wale watu wa kwenye benchi.

Araba alikwenda akasimama nyuma yao. Kijana mmoja alikuwa anashuka taratibu kwenye orodha: filamu za vita, filamu za Kumasi, vichekesho, kwaya, mahubiri. Halafu, katikati ya mahubiri na mpira wa miguu, Araba akaliona jina lake mwenyewe. ARABA QUANSAH. Kijana alilipita bila kulitazama, akafungua mpira.

Araba alirudi nyuma hatua moja. Akashika ukuta.

Njia nzima alikuwa akiwinda mwizi, akijua mwizi hununulika, hutishika, hushtakiwa. Sasa aliona hakuna mwizi. Siri za wanawake wake zilikuwa zimeanikwa sokoni kama dagaa, aliyetaka alichukua, na mwenye duka alidhani anamtendea wema.

Fiifi alimnong'oneza Ebo kilichotokea. Ucheshi ukamtoka Ebo usoni. Akawaondoa watu kwenye benchi, akakaa, akabonyeza mara mbili tatu, akageuka.

"Nimeifuta, Anti. Haipo tena."

"Wangapi wameichukua?"

"Sijui. Watu hujichagulia wenyewe."

"Ebo, fikiri. Nani alikaa sana kwenye ile folda?"

Ebo alifikiri. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mwisho akasema alikuwapo mama mmoja, mtu mzima, miwani, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuja kutafuta mahubiri. Alikaa muda mrefu kuliko wengine, amevaa vipokea sauti masikioni. Ebo alimkumbuka kwa sababu alikuwa analia, na Ebo alidhani ni neno la Mungu limemgusa. Alipotaka kuondoka alinakili kitu kwenye flashi yake, akamshika Ebo mkono na kumwombea baraka.

Jina lake Ebo hakulijua.

Ndipo simu ya Araba ilipoita. Alikuwa Maame Abakoma, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

"Araba, mwanangu, mbona unanipigia kama nyumba inaungua? Nilikuwa sokoni. Mgeni wako alifika salama kabla sijatoka nyumbani, na ameshaondoka nao."

"Mgeni gani, Maame?"

"Si huyo dada uliyemtuma? Mama mpole kabisa. Amesema kesi ni Jumatatu, umeona ni vizuri Ekuwa awe karibu nawe. Mtoto amefurahi, hujapata kuona."

"Maame, sikumtuma mtu."

Maame Abakoma akasema polepole, kama anayejitetea mbele ya hakimu: "Lakini alikuwa na neno."

Neno la mlango. Araba na Ekuwa walilipanga wenyewe, siku ya kwanza, mlango umefungwa. Mtu yeyote atakayekuja kumchukua Ekuwa, hata akiwa na barua, hata akiwa na sare ya polisi, asifuatwe mpaka aseme ameleta chumvi ya Elmina. Hakulijua mtu wa tatu isipokuwa Maame Abakoma. Halikuandikwa popote.

Halikuandikwa, lakini siku ile kinasa sauti kilikuwa mezani, na hakuna aliyekumbuka kukizima. Mazungumzo yote yalikuwa ndani ya kompyuta, pamoja na jina na namba ya Maame Abakoma.

"Alisema chumvi ya Elmina, Araba. Alisema bila kukosea. Ningemkataliaje?"

Araba alimwambia hana kosa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote kati yao. Akauliza walikwenda na gari gani. Jeupe, alisema Maame Abakoma, dogo. Namba zake? Hakuzitazama. Nani aliendesha? Kijana mkimya, hakushuka.

Hapo Araba akaielewa ile picha. Tangu asubuhi alidhani Ato Bonney ameituma kumtisha, kumwambia jihadhari, najua mnachokifanya. Haikuwa hivyo. Anayetisha huwa bado anahofia kushindwa. Bonney aliituma baada ya gari kuondoka Axim. Aliituma kama mtu anavyofunga mlango akishaingia ndani.

Alimpigia ofisa wa polisi anayeshughulikia kesi ya Ekuwa. Ofisa alikuwa mtu mwema. Alisema atawapigia wenzake wa Agona, njia panda ambapo barabara ya Axim hugawanyika, moja kuja Takoradi, nyingine kupanda Tarkwa kwa Bonney. Kisha akauliza gari la namna gani. Araba akasema jeupe, dogo. Ofisa akasema atajaribu.

"Maame," Araba alimpigia tena yule mama wa Axim, "huyo dada alijuaje nyumba yako? Kona zile mgeni hupotea."

"Alinipigia nimwelekeze. Namba yake ninayo hapa."

Fiifi na Ebo walisogea. Araba alipiga namba aliyosomewa. Iliita mara moja tu.

"Araba," ilisema sauti ya mwanamke, yenye utulivu. "Nilijua utapiga. Mimi naitwa Philomena Eshun. Nimeisikiliza sauti yako muda mrefu, naona kama tumeshaonana."

"Dada Philomena, Ekuwa yuko wapi?"

"Yuko garini na mwanawe, wamelala. Mimi nimeshuka kuwanunulia mkate. Usihangaike. Hakuna aliyewagusa."

"Mko wapi?"

"Hilo sitakuambia. Utawatuma polisi, na ndoa haiponywi na polisi."

Araba alifumba macho. Angetamani kupiga kelele, lakini miaka yote ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu mwenye uhakika ukimpigia kelele huziba masikio. Akamwuliza kwa upole alifikaje hapo.

Philomena alieleza bila kuficha. Alikuwa amejiunga na kanisa la Bonney baada ya Ekuwa kutoroka. Picha ya Ekuwa ilikuwa imebandikwa ubaoni, na kila Ijumaa akina mama waliombea mke wa Mzee Bonney aliyepotoshwa. Siku chache zilizopita alikuja Takoradi kutafuta mahubiri sokoni, akafungua folda ya mtu kwa makosa, na uso wa Ekuwa ukamtazama. Yeye aliona ni jibu la maombi. Dereva na gari alipewa na Bonney. Ekuwa aliambiwa anapelekwa Takoradi.

"Picha za mgongo uliziona?" aliuliza Araba.

"Niliziona zote. Nililia pale dukani mbele ya watu. Nikazipeleka kwa Mzee Bonney, nikamwambia tazama ulichokifanya, leo Mungu amekuumbua. Araba, alipiga magoti. Mtu mzima, mbele yangu mimi mwanamke, akalia mpaka shati likalowa. Yule ni mtu aliyetubu."

"Alipiga magoti mwaka juzi pia. Mbele ya mama mzazi wa Ekuwa, na wazee wa pande zote mbili. Alilia hivyohivyo. Ekuwa akarudi. Pasi ilikuja baada ya magoti hayo, dada yangu, siyo kabla."

Kwenye simu zilisikika honi, na mtu akinadi maji ya kunywa.

"Ile rekodi uliisikiliza mpaka mwisho?" Araba aliuliza.

"Rekodi ni ndefu."

"Uliisikiliza mpaka wapi?"

"Mpaka pale kwenye chumvi."

"Baada ya chumvi, nilimwuliza Ekuwa kwa nini alikimbia usiku ule na si siku nyingine, maana alishapigwa miaka sita. Akaniambia. Alisema pasi ya kwanza, ile ya mgongoni, ilikuwa yake yeye Ekuwa. Mumewe aliishika tena, ikiwa bado ina moto, akamwita Nhyira. Akamwonyesha Ekuwa mkono wa mtoto, akasema, siku utakayonishtaki, hii ya pili ni ya huyu. Hiyo ndiyo sababu. Na Ekuwa ameshamshtaki."

Fiifi alikuwa ameinamisha kichwa. Ebo alikuwa amekaa sakafuni karibu na diski yake nyeusi.

Upande wa pili ilisikika pumzi tu, pumzi ya mtu mzima anayepanda mlima.

"Mimi hakuniambia hilo," alisema Philomena. Utulivu ulikuwa umemtoka, sauti ikawa ya mwanamke wa kawaida aliyesimama barabarani. "Aliniambia alikasirika mara moja tu. Aliapa."

"Nakuamini. Sasa nisikilize. Dereva ni wa Bonney. Rudi garini kama mtu asiye na habari. Mwambie mtoto anataka kujisaidia. Washushe wote wawili, uingie nao kwenye duka lolote lenye watu, ukae humo. Nitajie tu mahali ulipo."

"Niko Agona. Njia panda, upande wa barabara ya Tarkwa. Kuna wauza mikate wengi."

Agona. Araba alimwashiria Fiifi, na Fiifi akatoa simu yake ampigie yule ofisa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kulikuwa na mahali penye jina, na polisi wa pale walishapigiwa. Pumzi moja, mbili, Araba aliamini kwamba kilichotoka kinaweza kurudishwa.

"Nakwenda sasa," alisema Philomena. "Usikate simu."

Araba hakukata. Alisikia kandambili zikipiga lami kwa haraka. Alisikia muuzaji akimwita, mama, chenji yako. Alisikia nyayo zikipungua mwendo, kisha zikasimama. Kisha zikaenda huku na huku, bila mpango.

"Dada Philomena?"

Lori lilipita likiunguruma, likachukua sauti zote, likaziachia tena.

"Dada Philomena, umewaona?"

"Tulikuwa tumesimama hapa," alisema Philomena. Alikuwa anasema na Mungu wake, si na Araba. "Hapahapa. Nimewanunulia mkate wa maziwa, mtoto aliniomba mkate wa maziwa."

"Philomena. Gari liko wapi?"

"Halipo, Araba," alisema. "Gari halipo."